Fizikia kwa Uzi na Jiwe

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Dodoma na nyanda za kati

Kabla ya kuanza somo, tafuta vitu hivi: uzi imara wenye urefu wa mita moja na nusu, jiwe dogo la mviringo, futi ya fundi au rula, saa yenye mshale wa sekunde au simu, karatasi na kalamu.

 

Leo tuna swali moja. Je, mtu mzima aliye kazini au shambani, asiye na mwalimu wa fizikia wala maabara, aweza kujifunza fizikia mwenyewe mpaka akafanya mtihani wa kidato cha sita? Jibu ni ndiyo, aweza. Lakini hataweza kwa kukariri kitabu. Ataweza kwa kupima vitu kwa mikono yake, kuandika alichokipima, na kupiga hesabu mpaka aelewe. Hilo ndilo jambo la kukumbuka katika somo zima.

Huenda wewe uko bado katika hatua ya kusoma na kuandika, na kidato cha sita unakiona mbali kama mlima. Usiondoke. Jaribio la leo lataka mtu ajuaye kuhesabu, kuzidisha na kugawanya tu. Ukiliweza, umeshika mpini wa fizikia.

FIZIKIA NI NINI?

Fizikia ni elimu ya kupima. Yapima jinsi vitu vinavyokwenda, jinsi joto linavyohama, jinsi sauti na mwanga vinavyosafiri, na jinsi umeme unavyopita katika waya. Kwa hiyo fizikia tunaishi nayo kila siku. Mpiga zeze anapobana uzi kwa kidole, sehemu inayotetemeka yawa fupi, na sauti yawa nyembamba. Hiyo ni fizikia. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 yaendeshwa kwa fizikia.

Chukua jambo la jikoni. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Hewa ya huku juu hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya pwani. Kwa sababu hiyo maji yetu huchemka mapema. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi; hapa Dodoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Basi maharage hapa hupikwa katika maji yenye joto dogo zaidi, nayo huchelewa kuiva. Je, ukiongeza kuni? Maji yakisha kuchemka hayazidi joto hilo. Yatageuka mvuke upesi tu, na kuni zitakwisha. Mpishi anayejua jambo hili hupunguza moto mara maji yanapochemka, akafunika sufuria, akabakiza kuni za kesho.

Tena, katika fizikia maneno yana mipaka yake. Chukua neno kazi. Mama anayetwika ndoo ya lita 20 kutoka chini hadi kichwani amefanya kazi, na kazi hiyo yaweza kupimwa. Maji hayo yana uzito wa kilo 20. Ikiwa ameyapandisha kwa mita moja na nusu, hesabu ni 20 mara 9.8 mara 1.5, yaani 294. Twasema amefanya kazi ya jouli 294. Lakini akisimama na ndoo kichwani bila kujongea, fizikia yasema kuwa hafanyi kazi juu ya ndoo ile, hata kama shingo yauma! Kwa nini? Kwa sababu kazi ya fizikia ni nguvu mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea nguvu hiyo inakoelekea. Ndoo haikupanda wala kushuka. Mtu anayejisomea hana budi kujua tofauti hii, la sivyo atalijibu swali la mtihani kwa maana ya mtaani.

Hapo tumetumia namba 9.8. Imetoka wapi? Haya, sasa tuitafute wenyewe.

JARIBIO LA UZI NA JIWE

Wengi mmemwona fundi mwashi na timazi yake: uzi wenye kitu kizito chini, wa kuangalia kama ukuta umesimama wima. Sisi leo tutaiacha timazi ibembee.

Kwanza, funga jiwe kwenye uzi. Ncha ya pili ifunge kwenye boriti ya nyumba au tawi gumu la mti, mahali pasipo upepo. Pima urefu kuanzia pale uzi unapofungwa hadi katikati ya jiwe, usiishie juu ya jiwe. Anza na sentimita 100.

Pili, vuta jiwe kando kidogo tu, upana wa vidole vitatu, kisha uliachie bila kulisukuma. Litakwenda na kurudi. Kwenda na kurudi mpaka pale lilipoanza twaiita safari moja.

Tatu, pima muda wa safari 20. Kwa nini tusipime safari moja? Kwa sababu kidole chako huchelewa kidogo kubonyeza saa. Ukikosea nusu sekunde katika safari moja ya sekunde mbili, kosa ni kubwa. Ukikosea nusu sekunde hiyo hiyo katika safari 20, kosa lagawanyika mara 20.

Nne, rudia kwa urefu wa sentimita 75, kisha 50, kisha 25. Kila urefu pima mara mbili. Andika matokeo katika safu zilizonyooka.

Hapa kwetu utapata namba zinazokaribia hizi:

Sentimita 25: safari 20 huchukua sekunde 20.1
Sentimita 50: safari 20 huchukua sekunde 28.4
Sentimita 75: safari 20 huchukua sekunde 34.8
Sentimita 100: safari 20 huchukua sekunde 40.2

Sasa tazama vizuri. Uzi wa sentimita 100 ni mara nne ya uzi wa sentimita 25. Je, muda wake ni mara nne? La. Ni mara mbili tu. Tena, badili jiwe, weka zito zaidi, lakini urefu uwe ule ule. Muda haubadiliki. Watu wengi hudhani jiwe zito litakwenda upesi. Usiniamini mimi, pima.

Tuendelee na hesabu. Gawa kila muda kwa 20 upate muda wa safari moja. Kisha zidisha jibu hilo kwa lenyewe.

Sentimita 25: safari moja 1.005, mara yenyewe, 1.01
Sentimita 50: safari moja 1.42, mara yenyewe, 2.02
Sentimita 75: safari moja 1.74, mara yenyewe, 3.03
Sentimita 100: safari moja 2.01, mara yenyewe, 4.04

Ona safu ya mwisho: 1.01, 2.02, 3.03, 4.04. Inapanda kwa hatua zilizo sawa. Ukiichora kwenye karatasi ya miraba, urefu chini na namba hizi pembeni, utapata mstari ulionyooka. Huo mstari ndio siri ya karatasi ya vitendo katika kidato cha sita. Mtahiniwa hupewa vifaa, hupima, hupanga jedwali, huchora mstari, kisha kutokana na mteremko wa mstari huo hupata jibu.

Jibu letu ni lipi? Chukua 39.5, zidisha kwa urefu wa uzi kwa mita, kisha gawa kwa namba ya safu ya mwisho. Kwa uzi wa mita moja: 39.5 mara 1, gawa kwa 4.04. Utapata 9.8 hivi. Na 39.5 ni nini? Ni 4 mara pai mara pai. Nayo pai ni ile 3.14 tunayotumia katika hesabu za duara.

Maana ya 9.8 ni hii: kitu kikiangushwa, hewa isipokizuia sana, kila sekunde inayopita mwendo wake waongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Huo ndio mvuto wa dunia. Umeupima wewe mwenyewe, nyumbani kwako, kwa uzi na jiwe.

KOSA LINALOPOTEZA WENGI

Unapoliachia jiwe, sema "sifuri". Linaporudi mara ya kwanza, sema "moja". Mtu anayeanza kwa kusema "moja" wakati wa kuliachia, atakapofika 20 atakuwa amehesabu safari 19. Saa yake itasoma sekunde 38.2 badala ya 40.2. Akiendelea na hesabu atapata 10.8 badala ya 9.8. Hesabu yake ya kuzidisha na kugawanya haina kasoro, lakini jibu limeharibika tangu mwanzo.

Yafaa ujizoeze kuuliza kila mara: Je, jibu hili laaminika? Nimeanza kuhesabu wapi? Nimepima kutoka wapi mpaka wapi? Nimeandika sentimita au mita? Aliye shuleni ana mwalimu wa kumuuliza maswali haya. Wewe unayejisomea ndiwe mwalimu, huna budi kujiuliza.

KIJANA ALIYEULIZA

Tuna mfano wa Mtanzania aliyeijenga fizikia yake kwa kuuliza na kupima. Jina lake ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye alisoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na wenzake wakamcheka. Alirudia kupima. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni hapo kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama na kumuuliza swali lile lile. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wote wawili walichapisha makala katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia, na leo dunia yaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Je, ni kweli kila mara maji ya moto huganda kwanza? Hapana. Wataalamu wengine wamejaribu na hawakuliona, na hata sasa wanabishana. Lakini wanabishana kwa vipimo. Hilo ndilo fundisho kwako: mtu akikucheka, usimjibu kwa maneno. Pima tena, andika, na umwonyeshe karatasi.

NJIA YA KUFIKA KWENYE MTIHANI

Mitihani ya taifa husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Baraza hupokea watahiniwa wa kujitegemea, yaani watu wasio wanafunzi wa shule. Ngazi ni hizi. Asiyepata elimu ya sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa herufi QT. Akifaulu, aweza kufanya mtihani wa kidato cha nne. Akifaulu huo kwa kiwango kinachotakiwa, aweza kujiandikisha kwa kidato cha sita.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, peleka cheti chako cha kidato cha nne kwenye kituo cha mtihani. Uliza: Je, kinatosha? Je, kituo hiki chapokea watahiniwa wa fizikia? Je, kina maabara, na nitafanyia wapi karatasi ya vitendo? Usione haya kuuliza. Fizikia ya kidato cha sita ina karatasi za nadharia na karatasi ya vitendo. Mtu aliyesoma nadharia miaka miwili, asiyewahi kugusa kifaa, aweza kupoteza ada, muda na moyo wake katika asubuhi moja.

Uzi na jiwe vitakufikisha mbali, lakini havitakufikisha mpaka mwisho. Maswali ya vitendo huhusu pia joto na umeme, na huko vinatakiwa vipimajoto na vipimaumeme. Tafuta shule ya sekondari iliyo karibu, umwone mkuu wa shule kwa adabu, uombe kuingia maabara siku za Jumamosi au wakati wa likizo. Nendeni kikundi, watu watano au sita. Ni rahisi mwalimu kukubali kikundi kuliko mtu mmoja mmoja. Nyumbani, jaribio la umeme lifanywe kwa betri za tochi peke yake. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa, unaua.

Jambo la pili ni lugha. Mtihani wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Wako watu wanaoijua fizikia lakini swali hawalielewi. Basi weka daftari la maneno. Kila siku andika maneno matano: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, kipimo chake, na sentensi moja. Ukisoma siku sita kwa wiki, utakuwa na maneno 30. Anza na maneno ya kuagiza, yanayokwambia eleza, taja, kokotoa, thibitisha. Aliyeambiwa athibitishe akaeleza tu, amekosa alama.

Jambo la tatu ni vitabu. Pata muhtasari wa somo unaohusu mwaka wako wa mtihani, kwa sababu mitaala ilibadilishwa mwaka 2023 na vitabu vya zamani vyaweza kukupotosha. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu katika maktaba yake ya mtandao. Baraza la Mitihani nalo hutoa taarifa zinazoeleza watahiniwa walijibuje kila swali na walikosea wapi. Zisome taarifa hizo kama mkulima asomavyo mawingu. Ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwako, na maktaba ya mkoa, ni mahali pema pa kuanzia.

PANGA MWAKA KAMA MKULIMA

Sisi wa nyanda za kati tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Wakati huo watu wako shambani, wanapanda na kupalilia uwele, mtama na karanga. Mtihani wa kidato cha sita kwa kawaida hufanywa mwezi Mei, wakati wa kuvuna. Na usajili hufungwa miezi mingi kabla yake. Mtu anayesema, "Nitasoma mvua zikikaribia kwisha," amekwisha chelewa.

Basi tumia kiangazi. Tangu Juni mpaka Novemba soma mambo mapya na fanya majaribio. Wakati wa kilimo usianze mambo mapya. Rudia maswali ya mitihani iliyopita, swali moja kila jioni, kwa kalamu na saa. Kwa masomo ya miaka miwili una viangazi viwili. Saa moja na nusu kila siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 24 za kiangazi, ni saa 216. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichoanza kujazwa mwezi Juni hakitajaa mwezi Mei.

Zungumza pia na watu wa nyumbani kwako. Mume, mke au wazazi wakijua kwamba saa fulani ni saa ya masomo, hawatakuona mvivu. Waite waone jiwe likibembea, na mtoto akuhesabie safari. Mwambie aanze na sifuri.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini tulipima safari 20 na hatukupima safari moja?
2. Uzi wa sentimita 25 huchukua sekunde moja hivi kwa safari moja. Bila kupima, uzi wa sentimita 225 utachukua sekunde ngapi? Toa sababu.
3. Mwenzako amepata 10.8 katika jaribio letu. Utamuuliza nini kwanza?
4. Mtu anasukuma ukuta mpaka anatoka jasho, na ukuta haujongei. Je, amefanya kazi juu ya ukuta kwa maana ya fizikia?
5. Shule ya sekondari iliyo karibu nanyi ni ipi, na nani kati yenu atakwenda kuzungumza na mkuu wa shule?

Fanyeni jaribio kabla ya kukutana tena, na kila mmoja aje na jedwali lake mkononi. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.